Mjomba Amelala Kwenye Pochi

Tak.

Sauti ilikuwa ndogo, kama mtu amevunja kijiti kikavu gizani. Kukawa kimya. Kisha ikasikika tena. Tak.

Kwenye kitanda cha pembeni mtoto akajigeuza.

"Mama, Mjomba ameamka?"

"Ameshalala," mama akajibu. "Na wewe lala kidogo. Basi letu ni la alfajiri. Nitakuamsha."

Mjomba hakuwa mtu. Alikuwa kisu.

Kilikuwa kisu cha kukunja, chenye mpini mweusi na makali membamba, mafupi kama kidole cha mwisho. Zamani kilikuwa cha mjomba wa huyu mama. Mzee huyo alibebesha miche ya matunda kwa miaka arobaini. Siku moja akiwa kazini, kisu kilijikunja ghafla kikampasua kidole. Tangu siku hiyo akakitilia kufuli. Ilikuwa kipande kidogo cha shaba ndani ya mpini, kinachoshika makali yakishafunguka, yasijikunje tena. Ukifungua, tak. Ukifunga, tak. Macho yake yalipoanza kufifia, alimwita mpwa wake. Akakiweka kisu kiganjani mwake, akamfumba vidole kimoja kimoja.

Ndani ya nyumba yao hakuna aliyekiita kisu. Mtoto alipokuwa anatambaa, ukitaja neno kisu tu, mbio anakwenda kukitafuta. Basi wazazi wakajitungia lugha yao. "Mjomba amelala" maana yake kisu kimekunjwa. "Mjomba ameamka" maana yake kaa mbali. Mtoto akakua na lugha hiyo. Sasa alikuwa na miaka saba, na mdomo wake haukujua kupumzika. Alichosikia asubuhi, mtaa mzima ulikisikia kabla ya mchana. Ndiyo maana majirani walimwita Kasuku.

Mama yake walimwita Fundi Miche. Alikuwa anachukua jicho la mti mzuri, yaani kile kichipukizi kidogo kilicholala kwenye tawi, na kulipachika chini ya gome la mti mwingine. Baada ya wiki chache vinakuwa mti mmoja. Kazi hiyo ndiyo huitwa kubebesha. Wengi huijaribu, na wengi macho yao hukauka. Ya Fundi Miche yalishika. Watu walitoka mbali kuja kumwonyesha michungwa iliyowashinda.

Lakini jioni tatu kwa wiki, Fundi Miche alikuwa mwanafunzi. Aliacha shule akiwa mdogo. Sasa alisoma darasa la watu wazima, magoti yakigonga chini ya dawati la watoto. Darasani hakuna aliyejua mikono yake. Pale alikuwa yule mama anayesahau herufi kubwa.

Ndipo barua ikaja. Ilitoka kwenye bustani moja kubwa ng'ambo ya mpaka. Walikuwa na miche elfu tatu ya machungwa na vijana kumi na wawili wa kazi. Walikuwa wamebebesha mara mbili, na mara zote mbili macho yakawa makavu kama majani ya chai. Barua ilimalizia hivi: "Tunakuomba uje na kisu chako, utufundishe kwa wiki tatu."

Fundi Miche alisoma neno hilo mara tatu. Utufundishe. Akaikunja barua akaiweka kwenye daftari lake la darasani, kurasa za katikati, isije ikachafuka.

Mume wake alikuwa mwokaji wa mikate, na kazini hawakumpa ruhusa. Shule za watoto zilikuwa zimefungwa. Ikabidi Kasuku aende na mama yake. Alfajiri hiyo mume akawasindikiza hadi kituoni, unga bado uko kwenye nyusi. Akamwambia mkewe kwamba akirudi kutoka huko akiwa mwalimu, asije akampiga yeye kwa chaki. Fundi Miche akacheka. Mjomba alikuwa kwenye pochi, karibu na biskuti za mtoto.

Kituo cha mpakani kilikuwa chumba kirefu. Kulikuwa na benchi moja, feni isiyozunguka na meza ya bati. Ukutani palikuwa na sanduku jekundu lenye kufuli. Nyuma ya meza alikaa afisa wa forodha, mwanamke mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni. Alimuuliza kila msafiri swali lile lile.

"Una chochote cha kutangaza? Silaha, kisu, mbegu, mimea?"

"Sina," akasema Fundi Miche.

Neno lilimponyoka. Hakupanga kusema uongo. Aliposikia silaha aliogopa. Aliposikia kisu alifikiria kisu cha kukatia nyama. Kile kilichokuwa kwenye pochi yake hakikuwahi kuitwa hivyo miaka yote.

Kasuku akamvuta sketi. "Mama, na Mjomba je? Mjomba si amelala kwenye pochi?"

Kalamu ya afisa ikasimama. Aliitazama pochi. Akamtazama mtoto. Akaitazama pochi tena, kama mtu anayepima ni mjomba wa ukubwa gani anaweza kuenea mle ndani.

"Mjomba gani?"

"Mjomba wetu," Kasuku akamweleza kwa upole. "Usimwamshe, atakukata."

Bwana mmoja kwenye foleni akarudi nyuma hatua mbili, na mzigo wake kifuani. Afisa hakucheka. Aliomba pochi. Vitu vikamwagwa juu ya bati: leso, biskuti, daftari, barua, na Mjomba. Afisa akakifungua kisu. Tak. Katika chumba kile, sauti hiyo ilikuwa kubwa mno.

Fundi Miche akasogea mezani. Akaeleza kwamba ni kifaa cha kazi. Akaonyesha barua. Afisa akaisoma yote, kisha akavua miwani.

"Dada, kila mtu hapa huniambia ni cha kazi. Barua hii haisemi ni kisu cha aina gani. Hiki kina kufuli. Upande wetu, kisu chenye kufuli hakibebwi kwenye pochi wala mfukoni bila sababu ya kazi inayoonekana kwa maandishi. Hilo ni moja. La pili, nimekuuliza ukasema huna. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi."

"Sikukusudia."

"Siwezi kuandika hivyo kwenye fomu. Ningeweza kukufungulia kesi. Lakini huyu mtoto amesema ukweli kabla sijaufungua mzigo wako. Basi chagua. Ukivuka leo, kisu kinabaki kwenye sanduku lile jekundu, na kinachoingia mle hakirudi. Au rudi nacho kwenu, ukajipange vizuri."

Kasuku akaanza kulia. Hakutaka Mjomba aingie kwenye sanduku.

Fundi Miche alilitazama lile sanduku. Ng'ambo wangeweza kumpa kisu kingine. Lakini mkono wake ulikijua hiki. Ulijua kinakata gome bila kugusa mti wa ndani. Akaokota biskuti moja moja, akamshika mtoto mkono, wakarudi walikotoka.

Njiani alimpigia simu msimamizi wa bustani. Akamweleza yaliyotokea. Msimamizi hakumlaumu. Alimwambia tu kwamba utomvu unapanda sasa, na magome yanafunguka vizuri. Wangeweza kumngoja wiki moja. Akichelewa zaidi, gome litagoma kabla wiki zake tatu hazijaisha, na itabidi watafute fundi mwingine.

Nyumbani, mume wake alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akasema asihuzunike, yeye atamwokea mkate mkubwa na kumlaza Mjomba katikati. Nani mpakani atakata mkate wa watu? Fundi Miche akacheka, kwa mara ya kwanza siku ile. Halafu akaona kwamba mumewe hatanii sana.

"Hapana," akasema. "Mara ya kwanza nilikosea kwa kutojua. Sasa najua."

Asubuhi wakaenda kwa Bi Mihuri.

Bi Mihuri alikaa nyumba ya tatu kutoka kwao. Alikuwa karani wa forodha kwa miaka ishirini na sita, kisha akastaafu. Mihuri aliiacha ofisini, lakini mkono wake haukukubali kustaafu. Akisema jambo la maana, aligonga meza kwa ngumi, pole pole, kama anapiga mhuri. Alisikiliza kisa chote. Kasuku aliposimulia mwenyewe sehemu ya yule bwana aliyerudi nyuma, bibi alicheka hadi akafuta machozi. Kisha akavuta rula kutoka kwenye droo.

"Haya, mwanangu. Huyu anaitwa nani?"

"Mjomba."

"Hilo ni jina la mapenzi. Nataka jina lake la kisheria."

Fundi Miche akafikiri. "Kisu cha kukunja."

"Endelea."

"Cha kubebeshea miche."

"Endelea."

"Makali..." Akapima kwa rula. "Makali sentimita sita. Kina kufuli."

"Sasa tunaongea," akasema Bi Mihuri, na ngumi ikagonga meza. "Umekificha kifaa chako kama umekiiba. Ulikiiba?"

"Nilipewa."

"Basi kitaje kwa sauti."

Akamweleza kwamba kila nchi ina sheria yake ya visu. Kisu ambacho hapa ni kifaa tu, hatua mia mbele kinaweza kuwa kosa. Wengine wanaangalia urefu wa makali. Wengine wanaangalia kama kina kufuli. Wengine wanaangalia kinavyofunguka. Kuna visu vinavyoruka vyenyewe ukibonyeza kitufe, na nchi nyingi havivuki hata uwe na barua ndefu kama mkeka. Karibu kote watakuuliza una sababu gani ya kukibeba, na umekibeba wapi. Kisu kilicho chini ya mzigo ni mzigo. Kisu kilicho mkononi ni jambo lingine.

"Nikiulizwa cha nini, niseme nini?"

"Sema kazi. Usijitie mcheshi ukasema cha kujilinda. Hapo umekigeuza silaha kwa mdomo wako mwenyewe."

"Na kama ningepanda ndege?"

"Kwenye ndege hakikai nawe ndani hata kiwe kidogo kama kucha. Kinakwenda na mizigo ya chini, tena baada ya kuliuliza shirika la ndege. Watu wengi wanakisahau kwenye begi la mkononi. Kusahau si sababu, mwanangu."

Fundi Miche akaandika yote kwenye daftari. Aliandika taratibu, ulimi ukichungulia pembeni ya mdomo. Kisha akauliza kama sasa anaweza kuvuka.

"Bado," akasema Bi Mihuri. "Mimi nimestaafu, na sheria hubadilika. Hata mimi usiniamini moja kwa moja. Wapigie ubalozi wao au forodha yao. Safari ikipita nchi tatu, uliza zote tatu. Simu hii hapa."

"Nipigie wewe, bibi."

"Kisu ni cha nani?"

Fundi Miche akaivuta simu. Akapiga.

"Habari za kazi. Naomba kuuliza. Nataka kuvuka na Mj..." Akasita. Bi Mihuri akainua ngumi hewani. "Nataka kuvuka na kisu."

Mtu wa upande wa pili hakushtuka. Alimuuliza aina, urefu na kazi, kama mtu anayeuliza namba ya kiatu. Akamwambia lete barua ya mwenyeji inayotaja kisu hicho na tarehe za kazi. Andika na maelezo yako mwenyewe. Kifungwe, kiwe ndani ya mzigo. Kitangaze kabla hujaulizwa. Kazi ikiisha kila siku, kirudi mahali pake, kisitembee nawe sokoni.

Siku hiyo hiyo bustani iliombwa barua mpya. Jioni, Fundi Miche alikaa darasani akaandika maelezo yake. Aliyaandika mara tatu. Mwalimu wake alisahihisha herufi kubwa moja tu. Akamuuliza kama kweli yeye ndiye anayeitwa kwenda kufundisha ng'ambo. Darasa zima likageuka. Fundi Miche aliinamisha uso, lakini hakukana.

Zilikuwa zimebaki siku tatu za kungojwa walipofika tena kwenye chumba kile. Feni bado haikuzunguka. Sanduku jekundu lilikuwa pale pale. Kasuku alishika sketi ya mama yake kwa mikono miwili. Afisa akapandisha miwani, akawatambua. Kabla hajafungua mdomo, Fundi Miche akatangulia.

"Nina kitu cha kutangaza. Ni kisu cha kukunja cha kubebeshea miche. Makali sentimita sita, kina kufuli. Kiko chini ya begi kubwa, ndani ya kasha la bati. Mimea na mbegu sina, nitatumia matawi ya kwao. Barua ya mwenyeji hii, na maelezo yangu haya."

Alisema bila kupumua. Afisa alisoma barua. Akafungua kasha, akapima makali, akarudisha kisu mahali pake. Halafu akayasoma maelezo, mstari kwa mstari.

"Haya nani amekuandikia?"

"Nimeandika mwenyewe."

Afisa alimtazama juu ya miwani. "Yamenyooka," akasema, na mhuri ukashuka. Akamwambia nakala ile aitunze. Wakati wa kurudi ataulizwa pande zote mbili. Kisha akamwinamia mtoto. "Na Mjomba hajambo?"

Kasuku hakujibu. Aliitazama karatasi yenye mhuri, akamtazama mama yake. Alikuwa anafikiri, jambo ambalo kwake lilitaka ukimya.

Bustanini vijana kumi na wawili walipanga mstari kando ya miche. Wengine walikuwa na ndevu. Fundi Miche alisimama mbele yao, sauti ikamkwama. Basi akafanya alichokijua. Akafungua kasha, akatoa kisu, akakifungua.

Tak.

Wote wakasogea.

Akakata gome mkato wa herufi T. "Hii herufi naipenda," akawaambia. "Darasani ilinisumbua sana." Wakacheka, na sauti yake ikafunguka. Akawaonyesha kukata jicho na kipande chembamba cha gome. Akawaonyesha kulitelezesha ndani bila kuligusa kwa kidole, na kufunga utepe kutoka chini kwenda juu. Waliharibu macho mengi siku ya kwanza. Siku ya tatu waliharibu machache. Kila jioni alifuta makali, akakunja kisu, akakirudisha ndani ya kasha. Kijana mmoja alimwomba akitumie kukatia kamba huko mjini. Fundi Miche akamwambia kisu hiki kina ruhusa ya bustani, ya mjini hakina. Kijana akaenda kuazima mkasi.

Wiki ya tatu ilipoisha wakafungua utepe wa mstari wa kwanza. Jicho likiwa la kahawia, limekufa. Likiwa la kijani, limeshika. Kasuku alipita mbele akiinama kwenye kila mche, akiita kwa sauti.

"Kijani. Kijani. Kijani. Hili limekufa. Kijani. Kijani."

Katika miche arobaini, thelathini na nane ilishika. Vijana walianza kupigana mabegani kwa furaha. Msimamizi, mtu mzima mwenye mvi, aliinua kofia. "Mwalimu," akasema, "mwakani tutakuandikia mapema, na kisu chako tutakitaja mstari wa kwanza."

Neno hilo Kasuku alilidaka. Njia nzima ya kurudi, ndani ya basi, alilirudia chini chini, kama mtu anayenyonya peremende. Mwalimu. Mwalimu. Fundi Miche alitazama nje ya dirisha ili mtoto asione macho yake.

Afisa wa forodha wa upande ule aliona nakala, akawapungia mkono. Wakavuka. Upande wa kwao alikaa kijana mwenye usingizi, kidevu juu ya ngumi.

"Mna chochote cha kutangaza?" akauliza, bila kuinua kichwa.

Fundi Miche alikuwa anakunjua karatasi yake. Kasuku akamtangulia. Aliweka mikono miwili juu ya meza, akasimama kwa vidole vya miguu mpaka kidevu kikafika, akasema kwa sauti ya kusikika na foleni nzima:

"Tuna kisu cha kazi cha mama yangu."